Friza ya Mama Muuza Barafu na Kanuni za Joto

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili katika kigango kimoja cha Mbagala, mama mmoja alitusubiri nje ya sakristia akiwa na karatasi iliyokunjwa mkononi. Mama huyo ni mjane, na riziki yake inatoka katika friza moja iliyo sebuleni kwake. Huuza barafu za ubuyu na za ukwaju, zile ambazo watoto wa Temeke hununua wakitoka shuleni, huku wamebeba viatu mikononi wakati wa mvua. Karatasi ile ilikuwa tangazo la mashine. Betri huiamsha mota, mota huizungusha jenereta, jenereta huirudishia betri umeme wake, na umeme unaobaki huendesha friza, feni na taa. Hakuna LUKU, hakuna mafuta, hakuna hata jua. Muuzaji alidai malipo ya awali kabla ya Ijumaa, na mama alikuwa ameshapokea fedha zake za mchezo.

“Baba,” alituuliza, “hiki kitu ni cha kweli, au ndiyo ninaliwa?”

Tulimjibu kwamba asilipe. Lakini muuzaji alikuwa na video, alikuwa na mashahidi na alikuwa na maneno matamu, na sisi tulikuwa na neno “usilipe” peke yake. Neno lisilo na sababu halimkingi mtu kwa muda mrefu. Mwezi ujao atakuja muuzaji mwingine mwenye video nzuri zaidi. Kwa hiyo tuliahidi kumpa sababu, naye akatuomba tuiandike ili awasomee wanajumuiya wenzake. Sababu yenyewe ni tawi la fizikia liitwalo thamodinamiki, yaani elimu ya joto, kazi na nishati. Jina lake ni kubwa kuliko ugumu wake, maana karibu yote yaliyomo yanaweza kuonekana katika friza ya mama huyu.

Tuanze na neno nishati. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi: kusukuma, kuinua, kuzungusha, kupasha moto. Imo katika mkaa, katika ugali, katika maji yaliyo juu ya bwawa, katika waya wa umeme. Kanuni ya kwanza ya thamodinamiki inasema kwamba nishati haiumbwi na mashine yoyote wala haipotei; hubadilika sura tu na kuhama kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Aliyeikaribia mapema alikuwa daktari wa meli, Mjerumani Julius Robert Mayer. Mwaka 1840 alisafiri hadi kisiwa cha Java, nchi ya joto kama pwani yetu, na alipowatoa mabaharia damu, kama tiba za wakati ule zilivyotaka, aliona damu ya mishipa inayorudi moyoni ni nyekundu kuliko alivyozoea Ulaya. Akafikiri kwamba katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili ubaki na joto lake, na hivyo damu inarudi ikiwa bado na hewa safi nyingi. Kutoka hapo akafikia wazo kwamba chakula, joto na kazi ni sarafu za hazina moja. Katika miaka hiyo hiyo Mwingereza James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, aliyapima mambo haya kwa uangalifu. Aliacha uzito ushuke na kuzungusha makasia madogo ndani ya maji, kisha akapima ni kwa kiasi gani maji yalipata joto. Kazi ile ile ilitoa joto lile lile kila mara. Kipimo cha nishati kinachoitwa juli kimepewa jina lake, na yuniti moja ya LUKU ni juli milioni 3.6.

Waamini wetu wanaijua kanuni hii kwa jasho lao. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takriban wati 100, sawa na balbu moja ya zile za zamani. Kanisa lenye waamini 600 lina hita ya kilowati 60 iliyoketi kwenye mabenchi, na juu yake kuna mabati yanayopigwa na jua la Februari. Kwaya ikianza kuimba na kucheza, kiwango hicho hupanda, kwa hiyo anayelalamika kwamba kwaya inaleta joto ana haki kisayansi. Na feni zetu, tuseme ukweli, hazipoozi hewa. Umeme wanaoutumia hatimaye wote huwa joto ndani ya jengo. Zinachofanya ni kuisogeza hewa ili jasho likauke upesi juu ya ngozi. Feni iliyoachwa ikizunguka katika chumba kisicho na mtu inakipasha moto chumba hicho kidogo na kumaliza yuniti, basi.

Sasa turudi kwenye mashine ya tangazo na tuifanyie mahesabu kama mhazini anavyofanya kwa sadaka. Betri inatoa kiasi fulani cha nishati. Mota inakipokea na kukipeleka kwenye jenereta, jenereta inakirudisha. Hata kama vyote vitatu vingekuwa vikamilifu kabisa, kinachorudi kingekuwa sawa na kilichotoka, na kisingebaki chochote cha kuendesha hata balbu moja. Na kwa kuwa si vikamilifu, tutagusa mota na kukuta ina moto, tutausikia mlio wake; moto huo na mlio huo ni nishati iliyotoka betrini na haitarudi. Kila mzunguko unarudisha pungufu, mpaka mashine inasimama. Kama katika video haisimami, basi kuna waya ambao hatukuonyeshwa, au video ilikatwa kabla ya betri kuisha. Madai haya si mageni. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, ikichoshwa na wavumbuzi wa mashine za namna hii, iliamua kwamba haitachunguza tena pendekezo lolote la mashine ijiendeshayo daima. Watu walikuwa wametumia mali zao zote katika ndoto hiyo, na familia zao zikaumia.

Hapa hatuna budi kuweka tofauti, ili mtu asitupe kilicho chema pamoja na kibaya. Paneli ya jua juu ya paa haivunji kanuni yoyote, kwa sababu nishati yake inatoka juani. Mtambo wa biogesi hauvunji, kwa sababu nishati yake imo katika samadi. Mbele ya mashine yoyote ya umeme, swali la kuuliza ni moja: nishati inaingilia wapi? Muuzaji mkweli atanyoosha kidole aonyeshe. Yule wa mama yetu alijibu kwamba ni siri ya kiwanda.

Kanuni ya kwanza peke yake, hata hivyo, haielezi kwa nini friza inahitaji umeme. Ikiwa nishati haipotei, kwa nini joto la ubuyu lisitoke lenyewe na kwenda sebuleni, ubuyu ukaganda bure? Hesabu ingekuwa sawa: kinachotoka kwenye ubuyu kinaingia chumbani. Lakini hakuna aliyewahi kuona hivyo. Chai iliyosahauliwa mezani hupoa. Haijawahi kutokea chai iliyopoa ikanyonya joto la chumba na kuchemka tena. Chumvi iliyomwagwa baharini Kigamboni haijikusanyi kurudi mfukoni. Mambo ya ulimwengu yana upande wanaoelekea, na kanuni ya pili ya thamodinamiki ndiyo inayoutaja: joto huhama lenyewe kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na kulihamisha kinyume chake lazima kazi ifanyike na gharama ilipwe. Mjerumani Rudolf Clausius aliieleza hivyo mwaka 1850, na mwaka 1865 akakipa jina kipimo cha kutawanyika huko kwa nishati: entropi. Nishati ikishatawanyika haijapotea, lakini imekuwa kama shilingi elfu kumi iliyochenjiwa kuwa senti na kumwagwa sokoni Kariakoo. Fedha ni ile ile, ila nenda ukainunulie kitu.

Friza, basi, haitengenezi baridi. Baridi si kitu cha kutengenezwa. Ni upungufu wa joto. Friza inalibeba joto kutoka ndani na kulimwaga nje. Gesi iliyomo katika mabomba yake hugeuka mvuke ndani na kunyonya joto, kisha kompresa huibana mpaka inakuwa ya moto kuliko chumba, na hapo ndipo inalitua joto kupitia mabomba ya nyuma au ya ubavuni. Umeme wa kompresa nao huishia kuwa joto pale pale. Kwa hiyo kinachomwagwa sebuleni ni joto lote la ubuyu pamoja na umeme wote uliotumika. Mama alituambia kwamba watoto wake wanaolala sebuleni hukosa usingizi kwa joto, na kwamba usiku mmoja walifungua mlango wa friza ili wapate ubaridi. Walichopata ni chumba chenye joto zaidi asubuhi na yuniti zilizokatika.

Kuna jambo moja hapa lenye thamani ya fedha. Mfaransa Sadi Carnot, katika kitabu kidogo alichokitoa mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 28, alionyesha kwamba kazi ambayo mashine za joto hudai au hutoa inategemea tofauti ya kiwango cha joto kati ya upande wa moto na wa baridi. Tukiipeleka hoja hiyo kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri ndani: hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, tofauti ni 48. Friza ikibanwa ukutani, nyuma yake pakarundikwa madumu na mikeka, hewa ya pale ikafika nyuzi 45, tofauti inakuwa 63. Kazi ya chini kabisa inayodaiwa kwa joto lile lile imeongezeka kwa karibu theluthi moja, na hakuna fundi anayeweza kuipunguza, kwa kuwa ni kanuni ya maumbile. Kuisogeza friza shubiri moja kutoka ukutani ni bure.

Kanuni hiyo ya pili inatoza ushuru hata kabla umeme haujafika Mbagala. Kule Kinyerezi na Ubungo gesi asilia kutoka Songo Songo na Mnazi Bay inachomwa ili kuzungusha mitambo. Mtambo wa gesi wa kawaida hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto hilo kuwa umeme. Linalobaki hutoka na moshi. Kinyerezi II, yenye uwezo wa megawati 240, inaukamata moshi huo ungali na moto, inachemsha maji kwa huo moshi, na mvuke unazungusha mtambo mwingine, ndipo takriban nusu ya joto inaokolewa. Haiwezi kuokolewa yote. Carnot alilionyesha hilo kabla ya mtu yeyote kuwasha taa ya umeme nyumbani kwake. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye megawati 2,115, haliguswi na ushuru huu kwa namna hiyo, kwa sababu maji yanayoanguka si joto. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na jua lilipoyavukiza maji na kuyapandisha milimani.

Bibi zetu walikuwa na friji isiyo na waya: mtungi. Maji hupenya polepole katika vinyweleo vya udongo, hukauka kwa nje, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto kutoka kwa maji yaliyobaki. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa maana gharama inalipwa na ukavu wa hewa. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma hupoza kuliko mtungi wa Dar es Salaam, ambako hewa ya pwani imeshashiba maji na haina haraka ya kupokea mengine.

Kanuni zilizobaki tutazitaja kwa ufupi. Ile iitwayo kanuni ya sifuri, iliyopewa namba hiyo baada ya nyingine kukaa mahali pake, husema kwamba vitu viwili vilivyo sawa kwa joto na cha tatu viko sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Bila hiyo kipimajoto cha zahanati kisingekuwa na maana. Ya tatu, iliyotokana na kazi ya Walther Nernst mwaka 1906, inahusu ukomo wa ubaridi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri, ambao unaweza kukaribiwa lakini haufikiwi. Friza ya Mbagala haina haja ya kuhangaika nao.

Kwa kuwa wengine wamekwisha kutuuliza, tuseme pia neno kuhusu imani. Seminarini tulisoma njia ya kwanza ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambamo moto unaoupasha ukuni joto unatumika kama mfano wa mwendo kutoka uwezekano kwenda utimilifu. Wengi wetu tulikariri mfano huo bila kujiuliza moto ni nini. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, na katika hotuba hiyo aliitaja kanuni ya entropi kama dalili kwamba ulimwengu unaochakaa lazima ulikuwa na mwanzo na unamhitaji Muumba. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye mwenyewe ndiye aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza katika udogo na kutanuka, hakuvutiwa na njia hiyo. Alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya kidini, na kwamba mtu anaweza kuipima kwa uhuru, awe anaamini au haamini. Sisi tunaegemea kwa Lemaître. Imani inayotegemea fizikia ya mwaka huu italazimika kuhama nyumba kila fizikia inapofanyiwa ukarabati.

Tulipomweleza mama mambo haya, alisikiliza kwa utulivu, kisha akatuweka katika mtihani. “Mbona mimi, Baba, nikiuweka ubuyu ukiwa bado wa moto, unawahi kuganda?”

Swali hilo lina historia, na historia yake ni yetu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aitwaye Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombania. Akiogopa kuikosa, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, wakati mwenzake aliweka ya kwake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amejichanganya. Alipokwenda likizo Tanga mjini, alikuta wauza aiskrimu wa huko wanajua jambo hilo na kulitumia. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na akachekwa, hata kosa lake la hesabu likawa linaitwa hesabu ya Mpemba. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, Dkt. Denis Osborne, na kijana akasimama mbele ya wanafunzi wote akauliza lile lile. Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini alirudi Mlimani na kumwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo pamoja katika jarida la kufundishia fizikia, wakati huo Mpemba akiwa katika chuo cha wanyamapori Mweka. Leo jina lake linatajwa popote swali hili linapotajwa.

Je, maji ya moto hupinga kanuni? Hapana. Kanuni za thamodinamiki zinasema kiasi gani cha joto lazima kitoke. Hazisemi kitatoka kwa muda gani. Maji ya moto hupungua kwa kuvukiza, hujizungusha kwa nguvu zaidi, na chombo cha moto huyeyusha theluji iliyo chini yake kikakaa sawasawa juu ya bati la baridi. Wengine wamejaribu bila kuliona: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden huko Uingereza walipima kwa makini na hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Mjadala haujafungwa.

Mita ya LUKU, hata hivyo, haisomi saa ya ukutani. Kugandisha lita 20 za maji yaliyo nyuzi 30 hudai kuondoa joto linalolingana na yuniti 2.6, yakiwa nyuzi 90, ni karibu yuniti 4. Friza hutumia umeme pungufu ya hapo, kwa sababu inahamisha joto badala ya kulizalisha, lakini uwiano unabaki. Ubuyu uliopoa kwanza katika sufuria iliyowekwa ndani ya beseni la maji umelipiwa sehemu yake na beseni.

Tulipopita nyumbani kwake wiki tatu baadaye, friza ilikuwa imesogezwa na madumu yamehamishiwa uani. Fedha za mchezo zilikuwa zimelipa ada. Ndani ya friza aliweka vikombe viwili vya bati, kimoja cha maji ya moto na kimoja ya bomba, na mwanawe wa darasa la sita alikuwa akiandika saa katika daftari la kuchorachora. Siku ya kwanza cha moto kilitangulia. Siku ya pili kikashindwa. Mtoto alitaka kujua ni kipi kati ya vikombe hivyo kilichokosea, nasi tukamwuliza kama siku hizo mbili vyote viwili vilikaa mahali pale pale. Akafungua daftari kuangalia.